Mtoto wa kaka yangu ana miaka 13 na ameshikwa na polisi. Nchi nyingine hufanyaje na mtoto kama huyu?

Shangazi wa Umoja (Jumanne, saa tatu usiku)

Habari zenu ndugu zangu. Naandika usingizi umeniruka, mnisamehe maneno yakitoka ovyo.

Ninaishi Umoja na watoto wanne, wawili wangu na wawili wa marehemu kaka yangu. Mkubwa wa kaka alitimiza miaka 13 mwezi wa nne. Leo saa kumi na moja jioni ameshikwa na wenzake wawili nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, na ndani ya mkoba wake wa shule mlikuwa na vioo viwili vya pembeni vya gari. Mnajua vile sisi watu wa Nairobi huchonga nambari ya gari kwenye kioo ili mwizi akose mnunuzi. Polisi alinionyesha kimoja. Mtoto alikuwa ameanza kuifuta ile nambari kwa msasa. Herufi mbili za mwanzo zimegeuka ukungu mweupe, zilizobaki zinasomeka vizuri kabisa. Nikamwangalia mikono. Kucha zimejaa vumbi la kioo, vidole vina mikwaruzo midogo midogo. Mikono hiyo hiyo Jumapili ilinikandia unga wa chapati bila kuombwa.

Nikatuma ujumbe kwenye kikundi cha familia na tangu hapo simu haijatulia. Dada yangu aliyeolewa Stavanger, Norway, anasema huko mtoto wa miaka 13 hawezi kukanyaga mahakama. Binamu aliye Minneapolis anasema Marekani hawabembelezi mtu, angelala kizuizini usiku huu huu na hilo lingemtia adabu. Shemeji yangu wa Kangundo anasema mambo yaliharibika siku tulipoondoa kiboko shuleni, na kwamba hakuna watoto walioharibika duniani kama hawa wetu wa Eastlands.

Nimechoka kusoma. Ninachotaka kujua ni hiki: ni kweli watoto wetu ni wabaya kuliko wa nchi nyingine? Au ni sisi tunaowashughulikia vibaya? Na huyu wangu, kwa umri wake, anasimama wapi kisheria? Kuna mtu hapa anayejua mambo haya kwa kuyaishi, si kwa kusikia?

---

Dereva wa Probox (Jumanne, saa tatu na nusu usiku)

Pole mama. Nitasema ukweli wangu na nakuomba usinichukie.

Mimi ni dereva wa teksi, naendesha Probox ya mtu. Tangu Januari nimenunua vioo vya pembeni mara tatu. Kila kimoja kinakula mapato yangu ya siku mbili, na mwenye gari hataki kusikia hadithi, anataka hesabu yake jioni. Mara ya pili nilimwona aliyekitoa. Tulikuwa kwenye foleni Jogoo Road, saa moja usiku, mvua inanyesha. Mtoto mdogo, kichwa chake hakifiki juu ya dirisha. Alikivuta, akakizungusha mara moja, kikatoka na waya zake. Halafu akaniangalia machoni na kuondoka akitembea. Hakukimbia. Hilo ndilo lililoniuma kuliko kioo chenyewe, kwamba alijua hakuna mtu atakayemfanya chochote.

Mnaisifu Norway, lakini Uingereza mtoto wa miaka 10 anashtakiwa. Mwaka 1993 wavulana wawili wa miaka 10 walimuua mtoto wa miaka miwili, James Bulger, upande wa Liverpool. Walipelekwa mbele ya mahakama kuu ya jinai kama watu wazima wakapatikana na hatia. Wale ni watu wenye shule na hospitali na kila kitu, na bado waliona kuna makosa ambayo utoto hauyafuti.

Sisemi apigwe. Mwaka jana Donholm niliuacha mlango wa gari wazi nikaingia katikati ya umati uliokuwa umemzunguka mvulana na mawe mkononi, kwa hiyo usinihesabu na hao. Lakini akirudishwa nyumbani akanywe chai kama aliyetoka matembezini, wiki ijayo atarudi barabarani na wenzake watano, na mimi niko kwenye hiyo foleni.

---

Mzee wa Probesheni (Jumatano, saa kumi na moja alfajiri)

Mama, pole sana. Nilikuwa afisa wa probesheni, yaani anayewasimamia wakosaji nje ya gereza, miaka 27, mingi ya hiyo hapa Nairobi, kabla ya kustaafu. Bado naamka saa kumi kana kwamba kuna faili linanisubiri, na leo nimelikuta swali lako.

La haraka kwanza, maana mtoto yuko ndani. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 ilibadilisha mambo mengi. Kabla yake, Kenya mtoto wa miaka 8 aliweza kushtakiwa kwa jinai. Sasa aliye chini ya miaka 12 hawezi. Aliye chini ya miaka 14 sheria inamchukulia kwamba hajaweza kupambanua jema na baya, mpaka mahakama iridhishwe vinginevyo. Wako anaangukia hapo hasa. Katiba nayo, kifungu cha 53, inasema mtoto asizuiliwe ila kama hatua ya mwisho, kwa muda mfupi kabisa, na atengwe na watu wazima. Lazima afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 na afisa wa watoto ajulishwe. Basi asubuhi hii usianze kwa kumkaripia. Uliza amelala wapi, na amelala na nani. Kisha toa cheti cha kuzaliwa.

Nakazia cheti kwa sababu nimeona. Niliwahi kuitwa kwa ajili ya mvulana mrefu, sauti imeshavunjika, na kwenye karatasi ameandikwa miaka 18. Amekaa rumande ya wakubwa siku tisa. Nyanya yake akaja kutoka kijijini na kadi ya kliniki imefungwa ndani ya leso, imekunjwa mara nne hadi imekatika kwenye mikunjo. Aliipanga vipande vipande juu ya meza yangu. Wino wa chanjo ya kwanza ulikuwa bado unasomeka. Alikuwa na miaka 15. Bila kadi ile angesubiri daktari ampime meno na mifupa, na kungoja huko ndani kuna watoto kumewamaliza.

Sasa swali lako kubwa. Mtu akiniambia watoto wa nchi hii wameharibika kuliko wa nchi ile, namuuliza kwanza: mmehesabu nini? Miaka ya tisini hapa mjini lori la polisi lilikuwa likizoa machokoraa usiku. Aliyepora mkoba na aliyekuwa amejilalia kwenye boksi mbele ya duka walipandishwa pamoja, na asubuhi walifika mahakama moja. Marekani, kutoroka nyumbani au kukosa shule kunaweza kumpeleka mtoto mbele ya hakimu ingawa kwa mtu mzima si kosa. Mambo haya yalizidi hadi mwaka 1974 bunge lao likapitisha sheria ya kuyabana majimbo yasiwafungie watoto kwa makosa ya namna hiyo. Japani, kijana akichukua baiskeli iliyotelekezwa kando ya kituo cha treni, hiyo ni kesi na inaingia kwenye hesabu ya makosa ya vijana. Ukiweka takwimu za Tokyo kando ya zile za Nairobi ya wakati ule, umelinganisha baiskeli na usingizi wa barazani.

Kuna jambo moja linalofanana karibu kila mahali palipopimwa vizuri. Makosa hupanda mtoto anapoingia ujanani, halafu hushuka anapoingia miaka ya ishirini na kitu. Kule Dunedin, New Zealand, watafiti waliwafuata watoto 1,037 waliozaliwa mwaka 1972 na 1973, na wamewafuata hadi utu uzima. Mwanasaikolojia Terrie Moffitt, aliyefanya kazi na kundi hilo, aliandika mwaka 1993 kwamba wanaokosea ujanani ni wa aina mbili. Wengi huanza na ujana na kuacha ujana unapoisha. Wachache huwa wameanza fujo wakiwa wadogo kabisa, nao huendelea. Nilisoma maneno hayo nikiwa tayari nina miaka mingi kazini na nikaziona sura za vijana wangu humo. Mtoto aliyeanza mwaka huu, ana shule, ana shangazi anayekesha kwa ajili yake, mara nyingi sana ni wa lile kundi la kwanza.

Kinachotofautiana ni umbo la kosa. Kijana hufanya fujo kwa kile kilichoko karibu naye. Sisi tuna shule za bweni, na tuna kosa ambalo nchi nyingi hawalijui kabisa, la wanafunzi kuchoma bweni lao wenyewe. Kyanguli, Machakos, Machi 2001, wavulana 67 walikufa usiku mmoja. Mwaka 2016 shule zaidi ya 100 zilichomwa. Hakuna kitabu cha Oslo kitakachonieleza hilo. Ilibidi niketi na wavulana na kuwasikiliza, na waliniambia kuhusu mitihani ya majaribio, milango inayofungwa kwa nje, na barua ambazo mwalimu mkuu hakuzijibu.

Na kinachotofautiana zaidi, mama, ndicho nilichokuja kukuambia: ni mtu mzima wa kwanza anayekutana na mtoto baada ya kosa. Norway, chini ya miaka 15 (walipandisha kutoka 14 mwaka 1990), mtu huyo ni wa ustawi wa watoto. Japani kesi inakwenda mahakama ya familia, na kabla ya jaji kusema neno, mchunguzi wa mahakama anakwenda kuitazama nyumba, shule, hata anachokula mtoto. Baadaye kijana anaweza kukabidhiwa mtu wa kujitolea, asiyelipwa mshahara, jirani tu anayemkaribisha nyumbani kwake mara mbili kwa mwezi wakazungumza. Wako zaidi ya 40,000 nchi nzima. Sisi pia tuna maafisa wa kujitolea wa probesheni, na niliowapata wazuri kabisa walikuwa fundi cherehani mmoja wa Kawangware na mama muuza samaki wa Gikomba. Walifanya kazi ambayo mimi na faili langu tusingeiweza.

Mtaani kwetu mtu wa kwanza anaweza kuwa umati. Anaweza kuwa askari aliyechoka ambaye hana pa kumweka mtoto ila pale pale alipo mlevi. Anaweza kuwa yule kijana wa miaka ishirini aliyemtuma, ambaye atamnunulia soda akitoka.

Shemeji yako wa Kangundo umwambie hivi kwa heshima. Kiboko kilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001. Niliowapokea kabla ya mwaka huo na niliowapokea baada yake wote walikuwa wamechapwa, na wengi walichapwa sana. Wale niliowasindikiza hadi Borstal ya Shikusa, gereza la vijana, sikumbuki hata mmoja aliyeniambia kwao hakukuwa na fimbo.

Kuna jambo moja zaidi ambalo huwa linaniudhi hadi leo. Kila nchi ina kona moja inayojaza vizuizi. Australia, katika eneo la Northern Territory, watoto wanaofungiwa ni karibu wote wa wenyeji asilia. Marekani weusi ni wengi humo kuliko sehemu yao katika watu wote wa nchi. Kwetu kona hiyo ni mitaa ya maskini, ni Mathare, ni Korogocho, ni Mukuru. Nilifanya kazi miaka 27, na watoto wa Lavington, mtaa wa matajiri, walioletwa kwangu kwa kuvunja kioo cha gari hawafiki vidole vya mkono mmoja. Vioo vinavunjwa huko pia. Baba hupigiwa simu.

---

Mkenya Malmö (Jumatano, saa moja asubuhi)

Mzee, shikamoo. Nimesoma yote. Mimi ni msaidizi wa mwalimu katika shule moja huku Uswidi, mwaka wa tisa sasa, na nataka niongeze upande ambao dada yetu wa Stavanger hakuusema.

Huku Uswidi pia umri umekuwa miaka 15 kwa muda mrefu. Magenge yanaijua sheria hiyo kuliko mawakili. Yanawatafuta watoto wa miaka 13 na 14 kwenye programu za simu, yanatangaza kazi na bei yake, peleka kifurushi, weka bomu mlangoni, piga risasi. Mtoto akishikwa, mwenye genge hapotezi kitu. Nilikuwa na mvulana darasani, mpole, anapenda kuchora treni. Akaja Jumatatu moja na koti jipya la baridi ambalo mama yake, ninamfahamu, anafanya usafi, asingeweza kulinunua. Nikamwuliza nani amekununulia. Akafunga zipu hadi kidevuni, akaangalia pembeni. Alhamisi hakuja. Koti lile bado nalifikiria. Ningempigia mama yake Jumatatu ile ile, badala ya kungoja kikao cha Ijumaa.

Kwa hiyo umri wa juu peke yake hautoshi. Lakini ndugu Dereva, kushusha umri nako kumejaribiwa, tena ng'ambo ya daraja tu kutoka hapa nilipo. Denmark walishusha kutoka 15 hadi 14 mwezi wa saba mwaka 2010. Machi 2012 wakarudisha. Watafiti wakawafuata wale wa miaka 14 wa kipindi hicho. Makosa hayakupungua. Tena waliopitishwa kwenye mkono wa sheria walirudia makosa zaidi kuliko wenzao wa kabla yao, na shuleni wakafanya vibaya zaidi.

Na dada wa Stavanger aseme pia kwamba ustawi wa watoto wa Norway unaweza kumtoa mtoto nyumbani kwake. Familia nyingi za wageni zinawaogopa kuliko polisi, na Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu imeihukumu Norway zaidi ya mara moja kwa namna ilivyotenganisha watoto na wazazi. Mtoto haendi mahakamani, ni kweli. Ila haina maana kwamba hakuna kinachomfika.

Nchi ninayoitamani mimi ni Iceland. Mwaka 1998 vijana 42 kati ya kila 100 wa miaka 15 na 16 walikuwa wamelewa katika mwezi uliopita. Kufikia mwaka 2016 walikuwa 5. Waliweka saa za watoto kuwa nje usiku, wakalipia michezo na muziki kwa kila mtoto hata wa maskini, na wazazi wakaanza kutembea mitaani jioni kwa zamu, wanatembea tu na kusalimiana. Nikiwa likizo Buruburu hufikiria jambo hilo. Sisi tuna wazazi mabarazani kila jioni tangu zamani. Tuliacha lini kuwauliza watoto wa wenzetu wanakwenda wapi?

---

Dereva wa Probox (Jumatano, saa mbili asubuhi)

Hiyo ya Denmark sikuijua, nimeichukua. Lakini bado hamjanijibu. Mnazungumza juu ya mtoto kuanzia juu hadi chini. Nani analipa kioo?

---

Mzee wa Probesheni (Jumatano, saa mbili na nusu asubuhi)

Swali la haki kabisa, kijana wangu, na mahakama nyingi huwa hazilijibu. Ukimfungia mtoto Borstal miaka mitatu, wewe kioo chako hakirudi.

Sheria yetu ya 2022 inaruhusu kesi ya mtoto iondolewe kwenye mkondo wa mahakama. Mtoto akubali kosa kwa hiari yake bila kutishwa, mzazi au mlezi akubali, na upande wa mashtaka uridhie. Badala ya hukumu anapewa masharti: kuomba msamaha, kurudisha kilichoibwa au kukilipia, kuhudhuria shule kila siku, kwenda kwa mshauri. Mama Umoja, hilo uliombe leo mbele ya afisa wa watoto, kwa kinywa chako, usingoje wakuulize.

New Zealand ndiyo iliyoliweka wazi zaidi. Tangu mwaka 1989 kesi za vijana zinazofika mahakamani hupelekwa kwenye kikao cha familia kabla ya hakimu kufanya uamuzi. Wanaketi mtoto, wazazi, shangazi na wajomba, polisi, na aliyeibiwa akitaka kuja. Aliyeibiwa husema kilichompata, familia huenda kando kujadiliana yenyewe, kisha hurudi na mpango. Walilitoa kwa Wamaori, wenyeji asilia wa huko. Niliposoma nilimkumbuka baba yangu kule Taita, jirani alipopotelewa na mbuzi na ikajulikana ni kijana wa ukoo wetu. Waliketi chini ya mwembe tangu asubuhi hadi ng'ombe wakarudi. Mjomba alitoa mbuzi jike mwenye mimba, na kijana akachunga mifugo ya yule jirani hadi mavuno. Kila asubuhi alipita mbele ya nyumba ya mtu aliyemwibia na kumsalimu. Nadhani salamu hiyo ilikuwa nzito kuliko mbuzi. Nikisema hivi nisiwadanganye: Wamaori bado ni wengi mno kati ya vijana wanaofungiwa New Zealand, hata na vikao hivyo. Kikao hakitibu umaskini. Lakini kinamweka mwenye kioo chumbani, na hilo ndilo uliloliuliza.

Wewe ungekubali kuja, Dereva? Ukae mbele ya yule aliyekuangalia machoni?

Na mama, neno moja kabla hujatoka nyumbani. Umesema walikuwa watatu. Uliza wale wawili nani amewaendea.

---

Shangazi wa Umoja (Jumatano, saa tatu usiku)

Asante Mzee. Asante nyote. Nimerudi sasa hivi, hata viatu sijavua.

Cheti cha kuzaliwa sikukipata. Kadi ya kliniki niliipata chini ya sanduku la mama yake, pamoja na picha za harusi, na nikaipeleka ndani ya leso kama yule nyanya. Usiku alilala kwenye benchi karibu na meza ya mapokezi, yeye na wenzake wawili, kwa sababu askari wa zamu, mama mmoja, alikataa kuwaingiza seli. Nilipomshukuru alisema ana wa rika hilo nyumbani.

Afisa wa watoto alikuja saa nne. Niliomba lile jambo kwa kinywa changu. Mtoto aliulizwa peke yake, mimi nikiwa kando, akasema ametoa kioo kimoja kwa mkono wake na kingine alipewa akishike. Aliyewatuma ni kijana mmoja, ana kama miaka kumi na tisa, amewaahidi mia mbili kwa kila kioo. Huyo hajashikwa na nadhani hatashikwa. Mahakamani tulifika mchana na upande wa mashtaka umekubali iondolewe kwa masharti. Shule, mshauri kila Alhamisi, na nilipe vioo vyote viwili kidogo kidogo.

Mwenye gari moja amepatikana kwa ile nambari isiyofutika. Nilimwomba akubali kijana aje amwombe radhi. Alichukua namba yangu ya simu ya kutuma pesa, akasema radhi haimfai kitu na hataki kumwona. Sikumlaumu. Dereva, nilikukumbuka wewe.

Wale wawili wengine. Mmoja baba yake alikuja akiwa na hasira, ila alikuja. Wa tatu hakuna aliyemjia. Ana miaka 12, hana simu ya mtu hata mmoja kichwani. Amekaa na bibi yake Mukuru na hakuweza kueleza nyumba ni ipi, alisema tu ni karibu na mahali wanapochota maji ya bomba la bluu. Alikuwa amevaa ndara mbili za mguu mmoja, zote za kushoto. Nilimpa chapati mbili nilizombebea wangu na alikula moja, ya pili akaitia mfukoni.

Afisa alisema hawezi kunikabidhi mtoto nisiye na udugu naye, atapelekwa makao ya muda hadi bibi apatikane. Lakini aliniruhusu nikae naye wakati anaulizwa maswali. Karatasini kuna mahali pa kuandika uhusiano wa mtu mzima na mtoto. Kwa wangu niliandika shangazi. Kwa yule nikasimama na kalamu, halafu nikaandika jirani.

Kesho asubuhi baada ya kuwapeleka watoto shule ninakwenda Mukuru kumtafuta huyo bibi. Mwenye kujua pale penye bomba la bluu anielekeze, upande wa Kwa Njenga au wa Kwa Reuben?